Mafuta Yaliyolala na Damu ya Wanawake wa Gorong'a

Uvumilivu wangu uliishia darasani, kwenye shule moja ya msingi huko Gorong'a, mbele ya wanawake waliokaa kwenye madawati ya watoto huku magoti yakikaribia kidevu. Bwana Masatu, msimamizi wa kituo chetu cha utafiti pale Tarime mjini, alisimama ubaoni na shati lake la pasi. Mimi nilikuwa mlangoni na mwanangu Gati mgongoni. Nilikuwa fundi wa chumba cha baridi cha kituo, lakini siku za vijijini nilibebeshwa pia kazi ya kutafsiri Kikurya.

"Kina mama," akasema, "damu mliyotupa imeshapimwa. Hakuna ugonjwa wowote ulioonekana."

Kisha akanigeukia nitafsiri.

Dawati la mbele alikaa Bhoke. Ni mwanamke wa rika langu, na mimba zake zote zimetoka kabla ya kutimia. Pembeni yake alikaa mama mkwe wake. Yule mama hakunisubiri mimi, Kiswahili hicho alikielewa. Alimtazama Bhoke, akashusha pumzi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umesikia," akamwambia. "Si ng'ombe. Ni wewe."

Damu ya Bhoke haikupimwa. Ilioza ndani ya chumba nilichokuwa nakitunza mimi, na Bwana Masatu alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

Sikutafsiri. Nilisema kwa Kikurya, polepole ili hata wa nyuma wasikie, kwamba damu yao iliharibika kabla ya kupimwa na kwamba huyu aliyesimama hapa anajua. Darasa likachafuka. Bwana Masatu hakijui Kikurya lakini nyuso alizisoma. Akawaambia wasinisikilize, mimi ndiye niliyeua mashine ya chumba cha baridi kwa sababu siku ilipokufa nilikuwa nyumbani nanyonyesha. Nikamvisha funguo za chumba kwenye kidole chake cha shahada, alichokuwa bado ameninyooshea, nikaondoka kwa miguu mpaka barabarani.

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kustaafu. Wengine hustaafu wamezeeka, wanapewa mabati na godoro, bosi anasoma hotuba. Mimi nimestaafu mtoto bado ana nepi. Basi hotuba nitajisomea mwenyewe, na ninaiandika kwa ajili yako wewe utakayekabidhiwa funguo zile. Cheo na mshahara sivitaji. Utaviona mwenyewe, havichukui muda kuvitazama.

Nilikuja kazini nimetoka kidato cha nne, na baada yake chuo cha ufundi, majokofu na viyoyozi. Nilijua friji za soda na mabucha. Siku ya kwanza nilivaa koti la mitumba la sokoni Tarime nikidhani baridi ni baridi. Aliyenipokea ni Mzee Okech, Mjaluo wa Shirati, mtu aliyezeekea kwenye mitambo ya barafu ya viwanda vya samaki Musoma. Nikampa shikamoo, akaitikia, akafungua mlango, akanisukuma ndani. Nywele za puani ziliganda. Machozi yakakwama kwenye kope. Alipoona nimeelewa, akanitoa.

Chumba kile hushuka nyuzi themanini chini ya sifuri. Humo ndimo mradi uliweka damu ya ng'ombe, mbuzi na watu kutoka vijiji vya Tarime na Serengeti vinavyopakana na wanyama wa porini. Baridi ikipungua, damu inayeyuka. Ikikaa hivyo, inaoza, na ulichokuwa unakitafuta ndani yake kinakufa.

Swali la kwanza la Mzee Okech lilikuwa kama najua kupika. Nikakasirika, kama kawaida yangu. Nikamwambia nimeajiriwa ufundi, wa kumpikia akamtafute kwingine. Hakujali. Alichukua kijiko, akakijaza mafuta ya kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupoza, yale tunayotumia kwenye friji za soda, akakiweka ndani ya chumba, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi alikitoa, akakigeuza juu chini mbele ya macho yangu. Hakikudondoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda kama ya nyama ya jana sufuriani.

"Ndiyo maana niliuliza," akasema. "Anayeosha sufuria analielewa hili haraka kuliko mwenye cheti."

Nikamjibu kwamba mimi ninavyo vyote viwili. Akasema basi ana bahati.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia. Chumba kinapozwa na mashine mbili. Hakuna kompresa ya pale kituoni inayoweza kushuka mpaka huko kwa pumzi yake yenyewe. Ya kwanza tunaiita ya juu, na yenyewe inampoza mwenzake. Ya pili, ya chini, inapokea ile baridi halafu inashuka nayo mpaka ndani ya chumba. Gesi zao hazichanganyiki. Zinakutana kwenye ukuta wa chuma tu, kila moja upande wake, kama majirani wanaopeana moto juu ya ua.

Kompresa haikimbii bila mafuta tumboni. Lakini kila inaposukuma gesi, mafuta kidogo yanatoka nayo. Pale yanapotokea kuna chupa ya chuma ya kuyakamata na kuyarudisha. Inakamata mengi, haikamati yote. Yanayoponyoka yanasafiri na gesi mpaka kwenye koili, yale mabomba yaliyojikunja ndani ya chumba, na huko yanakuta baridi ya kijiko cha Mzee Okech. Yananata kwenye mabomba. Tunasema yamelala. Huku nje, kwenye kioo kidogo cha tumbo la kompresa, unaona mafuta yanashuka, yanashuka, na mtu asiyejua anasema yamekwisha.

"Nyie Wakurya hili hamhitaji kufundishwa," Mzee Okech aliniambia. "Jioni ng'ombe mmoja asiporudi zizini, unakwenda mnadani kununua mwingine?"

"Tunafuata nyayo."

"Na mkizikosa nyayo, mnachukua wa jirani."

Nikamwambia wa jirani tunawachukua hata wetu wakiwa wamerudi wote. Alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Basi mafuta ni hivyo hivyo, nyathina," akasema. Nyathina kwao ni mwanangu, na tangu hapo hakuniita jina lingine. "Hayajauzwa, hayajafa. Yapo mahali. Usinunue mengine kabla hujajua ya kwanza yamelala wapi."

Miaka yangu pale ilikuwa ni kufuata nyayo hizo. Nakuachia niliyoyajua. Mafuta ya mashine ya chini ni ya aina yake, mepesi, yanayovumilia baridi. Ya friji za soda usiyasogeze hata karibu. Kwenye gesi ya chini kuna kiasi kidogo cha gesi nyingine, jamaa wa gesi ya kupikia, ambayo kazi yake ni kuyalainisha mafuta yatembee. Ikivuja, mafuta yanakuwa mazito hata kama geji ya presha inasema uko salama. Bomba la kurudi lazima liinamie kwenye kompresa. Mafundi waliolifunga letu walilipandisha mahali pamoja ili lipite juu ya dirisha, lionekane zuri, na Mzee Okech alilikata na kulifunga upya huku akitaja mama zao kwa Kijaluo.

Tumbo la kompresa lina hita yake. Usiizime hata mashine ikiwa imelala. Ukiizima, gesi inaingia kwenye mafuta na kujificha humo, na siku utakapowasha yatafoka povu kama pombe changa na kutoka yote. Wakati wa kuwasha, ya juu huanza, unaisubiri ipoe, ndipo ya chini. Mtu mwenye haraka akafanye kazi kwenye bodaboda.

Mwisho ni kuamsha. Kila baada ya muda, kioo kinapoanza kushuka, unahamisha damu yote kwenye kabati la akiba linaloshuka baridi ile ile, halafu unaacha koili ipate joto polepole. Mafuta yanalainika, yanarudi kidogo kidogo, nawe umekaa pale unakitazama kioo. Yakizidi unayapunguza. Ni kazi ya kuchosha isiyo na picha ya kupiga. Hakuna mgeni wa mradi aliyewahi kuomba kuiona.

Mzee Okech alinifundisha pia kusikiliza. Unaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kompresa na mpini sikioni. Ikiwa na mafuta inaguna kama ng'ombe anayecheua. Ikikosa, inakwaruza. Siku alipostaafu na kurudi Shirati, kifua kikiwa kimeshamshinda, aliniachia bisibisi ile. Hotuba hakutoa. Alisema tu nisikubali mtu anayeona kioo kimeshuka na kunyanyua galoni.

Kabla hajaondoka ndipo mradi ulipoanza kukusanya damu ya wanawake. Ng'ombe wa Gorong'a na Nyanungu walikuwa wanatupa mimba, na wanawake wa nyumba zile zile wakawa wanapoteza zao. Wakubwa walishuku ugonjwa mmoja unatoka kwa ng'ombe na kuingia kwa watu. Mimi nilipelekwa na masanduku ya baridi, na kwa kuwa wauguzi wa mradi walitoka mbali, nikawa mdomo wao pia.

Bhoke alikuwa wa mwisho kwenye foleni siku ile. Alinieleza bila kulia, kama mtu anayesimulia habari za shamba. Yeye ndiye anayekamua pale nyumbani. Ng'ombe akishindwa kuzaa, yeye ndiye anayeingiza mkono na kuvuta ndama aliyekufa. Mama mkwe anasema mkosi ulikuja naye kutoka kwao Nyanungu, ukaanza tumboni kwake, ukahamia zizini. Mume bado hajasema kitu, lakini ameanza kukaa kimya mama yake anaposema. Wanaume wa ukoo wameshaitana mara moja kuzungumza juu ya kumrudisha kwao.

Sindano ilipotoka akaniuliza kwa Kikurya, "Hii damu itasema?"

Nikamwambia itasema. Nilikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Chumba kilikuwa kinaguna vizuri.

Damu zile zikawekwa rafu ya chini kusubiri kibali cha kusafirishwa kwenda maabara kubwa. Kibali kikawa kila siku kinakuja. Mzee Okech akastaafu. Mimi nikapata mimba yangu, ikakua, na kila nilipokwenda Gorong'a tumbo likiwa mbele nilimwona Bhoke akilitazama, kisha akitazama pembeni kwa adabu. Aliniuliza habari za majibu mara zote. Nilijibu bado.

Nikaenda likizo ya uzazi. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona kwenye chumba cha mashine ni magaloni matupu ya mafuta yamepangwa chini ya meza. Nikakiangalia kioo, kilikuwa katikati, safi kabisa. Nikamwita Marwa, mlinzi wetu, ambaye pia ndiye mtu wa jenereta.

"Marwa, nani kanywa mafuta haya?"

"Mashine, Mama Gati. Tangu uondoke imekuwa mlevi. Kila kioo kikishuka bosi ananiambia ongeza."

"Na ulikuwa unaongeza tu?"

"Pikipiki yangu ikipungua oili naongeza. Nilifanya vibaya?"

Sikuweza kumgombeza. Mtu kaambiwa na bosi, na amefanya kile ambacho kila mtu wa Tarime mwenye pikipiki angefanya. Nikaweka bisibisi sikioni. Ya chini ilikuwa inakwaruza, ingawa kioo kilionyesha mafuta yapo. Maana yake ni kwamba mafuta ya magaloni yote yale yalikuwa yamelala ndani ya koili, juu ya yale ya mwanzo, na kompresa ilikuwa inaishi kwa kile kidogo alichomimina Marwa mara ya mwisho.

Nilimpigia Mzee Okech. Sauti ilikuwa imebaki upepo. Nikamweleza. Akasema, "Hao ng'ombe watarudi wote siku moja, nyathina. Kwa mkupuo. Watavunja zizi. Amsha kabla hawajaamka wenyewe."

Nikaenda kwa Bwana Masatu siku hiyo hiyo. Nilimweleza kwa kijiko, kwa ng'ombe, kwa kila nilichokuwa nacho. Nataka kusema haki hapa, hakuwa mjinga. Ni mtu wa shahada na alinielewa mapema. Akauliza damu itahamia wapi wakati naamsha. Nikasema kabati la akiba. Akasema kabati limejaa.

Limejaa nini? Limejaa nyama ya mbuzi na soda za wageni. Wafadhili walikuwa wanakuja kutembelea, na friji ya jikoni ilikuwa ndogo. Nililifungua nikaona kwa macho yangu. Nyama ya mbuzi nyuzi themanini chini ya sifuri, ukiigonga na spana inalia kama kengele ya kanisa. Soda zilikuwa zimeshapasuka zote, na hakuna aliyezitoa.

"Wageni wakishaondoka tutaamsha," akasema. "Mashine si inafanya kazi?" Kisha akafunga kabati na kutia ufunguo mfukoni, nadhani kwa sababu aliona nilivyokuwa naitazama ile nyama.

Nikafanya kilichobaki. Nikamwambia Marwa kwamba umeme ukikatika, azime swichi ya mashine ya chini, na ukirudi asiiwashe mpaka nifike, hata malaika akimwambia. Akarudia maneno yangu nikasikia.

Siku waliyokuwa wanafika wageni, umeme ulikatika asubuhi. Jenereta ikagoma, kama jenereta zinavyojua kuchagua siku. Marwa akazima swichi kama nilivyomwagiza. Koili ikaanza kupata joto, na ndani ya koili yale mafuta yote yakaanza kulainika. Nilikuwa nimeshapanga. Umeme ukirudi ningeanza na ya juu, ningetoa mafuta ya ziada, ningeiwasha ya chini kwa kugusa swichi na kuiachia, kidogo kidogo. Damu ilikuwa bado ngumu, chumba kile kina ukuta mnene, kina uwezo wa kuvumilia mchana mzima. Ikafika saa yangu ya kunyonyesha, ambayo sheria inanipa wala siombi kwa mtu. Nyumbani ni nyuma ya soko. Nikamwambia Marwa nakuja, nikaenda.

Umeme ukarudi Gati akiwa bado ananyonya. Nikamfunga mgongoni hivyo hivyo na maziwa shavuni, nikatoka mbio. Kabla sijafika getini nikaisikia. Ukishasikiliza kompresa kwa miaka, huhitaji bisibisi kujua hiyo ni sauti gani. Ni kama mtu anayepiga mawe ndani ya pipa. Kisha kimya.

Mafuta yalikuwa yamerudi yote, kwa mkupuo, kama alivyosema Mzee Okech. Kompresa imeumbwa kusukuma gesi. Ukiipa kitu kizito kama mafuta haikisukumi, inavunjika. Valvu zilikuwa vipande.

Marwa alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani.

"Bosi alipiga simu, akasema niwashe," akasema. "Nikamwambia Mama Gati amekataza. Akaniuliza mimi nimeajiriwa na nani."

Bosi alikuwa njiani kwenda Musoma kuwapokea wageni, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake. Nilimpigia nikamwomba ageuze gari au aniruhusu nivunje kufuli. Akasema nisivunje mali ya mradi, chumba kitahimili. Nikajaribu kuvunja. Mlango wa kabati ni wa chuma, una kufuli ndani, si kama wa nyumba. Nilipambana nao na nondo mpaka viganja vikachanika, Gati analia mgongoni, na haukufunguka. Laiti ungekuwa wa mbao.

Alirudi kesho yake na wageni wake. Wakala nyama. Yaani ilitolewa mbele yangu, ikapelekwa jikoni, na mahali ilipokaa ndipo pangetosha rafu nzima ya Gorong'a. Kufikia hapo hapakuwa na cha kuhamisha. Kipuri kiliagizwa nje. Chumba kilikaa na joto la Tarime siku nyingi, na nilipokifungua nilitoka nikatapika. Kilipopona na kupoa tena, vichupa viliganda upya, vikawa vizuri tu kwa kutazama.

Kikao kikaitwa. Bwana Masatu akaeleza kwamba mashine ilikufa fundi akiwa nyumbani ananyonyesha. Hakudanganya hata neno moja, na huo ndio ustadi wake. Nikasimama nikasema nani alipiga simu. Marwa aliangalia viatu vyake. Baadaye alinifuata getini akaniambia, "Mama Gati, nina watoto." Nikamwambia najua. Nilipewa onyo, nikatia sahihi, nikarudi kwenye mashine. Mimi pia nina mtoto. Lile la kwanza nililimeza.

La pili lilikuwa la Gorong'a, na hilo halikupita kooni. Masanduku ya kusafirishia damu huwa nayafunga mimi kwa mikono yangu. Hakuna hata moja lililowahi kutoka. Kibali kilipofika hakukuwa na cha kupeleka, wafadhili wakawa wanauliza majibu ya wanawake, ndipo likatungwa hili la kwamba hakuna ugonjwa ulioonekana. Ni kweli haukuonekana. Hakuna aliyetazama.

Wiki hiyo hiyo Bhoke alirudishwa kwao Nyanungu. Nilimfuata na bodaboda. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani kwa mama yake, na hakusimama kunipokea. Nikamweleza yote: mafuta, nyama, simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe uliniambia itasema," akasema.

"Niliamini."

"Mimi sitaki kuamini wala kutoamini. Darasani wewe hawakukuamini. Nenda uhakikishe wale waliosikia wanaambiwa. Mimi ukiniambia hapa hainisaidii kitu."

Akaendelea kupukuchua. Mzee Okech alikufa kabla sijapata nafasi ya kwenda Shirati, kwa hiyo huyo ndiye mtu wa mwisho aliyenipa maagizo ya kazi, na nimeyafuata. Niliandika malalamiko, nikayapeleka mwenyewe wilayani, dawati la malalamiko, nikasubiri mpaka yakagongwa muhuri. Nakala nyingine nimeituma kwa kamati inayosimamia tafiti zinazochukua damu za watu. Aliyenipokea pale wilayani alisoma, akaniuliza kama sitaki kuongeza la kudai kurudishwa kazini. Nikamwambia hapana. Nimeyaandika hivi:

"Yah: Damu ya wanawake wa Gorong'a iliyotangazwa kupimwa wakati haikupimwa.

Mimi ni Wegesa, mama Gati, mkazi wa Tarime mjini, niliyekuwa fundi wa chumba cha baridi katika kituo cha utafiti cha hapa mjini mpaka nilipoacha mwenyewe.

Nalalamika kwamba msimamizi aliagiza mafuta yaongezwe kwenye kompresa badala ya kutafuta yalipolala, akajaza nyama kwenye kabati la akiba, akakataa mafuta yaamshwe, kisha akaamuru kwa simu mashine iwashwe wakati fundi amekataza. Aliyewasha simtaji, aliamriwa. Damu ilioza. Ipo mpaka leo rafu ya chini, imegandishwa tena. Fungueni kichupa kimoja mnuse.

Nalalamika zaidi kwamba aliwatangazia wanawake hao kuwa hawana ugonjwa, na kwa tangazo hilo mmoja wao amefukuzwa kwa mumewe.

Kuhusu mimi kunyonyesha, ni kweli nilikuwa nanyonyesha. Sijibu zaidi ya hapo.

Sidai kazi. Ninaomba damu ya wanawake hao ichukuliwe upya na ipelekwe kupimwa, na ya ng'ombe wao pia. Na kabla ya hapo, ninaomba msimamizi arudishwe Gorong'a, darasa lile lile, asimame ubaoni pale pale aseme kwamba damu haikupimwa. Mama mkwe wa Bhoke aitwe, akae dawati la mbele. Kutafsiri nitatafsiri mimi."